Jinsi ya kupamba nyumba kwa sikukuu ukiwa na mtoto mdogo ndani: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wazazi wenzangu, hili jambo linajirudia kila msimu wa sikukuu na wengi wanakwama palepale. Nyumba inapambwa inapendeza kweli, taa zinawaka, mti umesimama, alafu ndo watu wanakumbuka kuna mtoto, na kuanzia hapo ni kutwa nzima "acha, toka hapo, usiguse" mpaka mzazi amechoka na mtoto analia, na inatosha mzazi aingie jikoni dakika moja tu kusikia kishindo sebuleni.

Mtoto hana kosa hapo. Mtoto wa mwaka na nusu akiona kitu kinang'aa atakifuata, akikishika kitaenda mdomoni, hivyo ndo anavyojifunza na hakuna kukemea kutakakoondoa hilo. Tatizo ni mpangilio wa kazi, tunapamba kwanza alafu kulinda ni baadae. Hapa tunageuza: unaanza na mkono wa mtoto unafika wapi, mapambo yanafuata nyuma.

Mwongozo huu ni kwa wenye watoto kuanzia wanaotambaa mpaka miaka minne hivi. Kama wako ni mkubwa zaidi ila bado anaweka vitu mdomoni, mhesabu kama mdogo. Na kama wewe huna mtoto ila utapokea wageni wenye watoto, fata hatua hizihizi, tena wewe ndo unahitaji zaidi maana nyumba yako haijazoea watoto.

Vitu vya kuandaa kabla hujagusa chochote

- Futi ya kupimia na selotepu ya karatasi, ile inayobanduka bila kutoa rangi ya ukuta
- Gamba la ndani la roli ya karatasi ya choo
- Tochi
- Bisibisi ndogo ya nyota
- Kamba ya nailoni imara na ndoano za skrubu mbili
- Uzi na utepe wa kufungia mapambo
- Klipu za plastiki za kushikia waya ukutani
- Kitambaa cha kufutia na maji
- Boksi moja lenye mfuniko unaofunga vizuri
- Ngazi iliyonyooka isiyocheza
- Mtu mzima mmoja wa ziada wa kukaa na mtoto

Huyo wa mwisho watu wanamruka alafu kazi yote inaharibika. Huwezi kuwa juu ya ngazi na misumari mkononi huku unamchunga anayetambaa. Kama huna mtu wa kukusaidia, fanya kazi mtoto akiwa amelala usiku, hata ikichukua siku mbili tatu.

Hatua ya 1: Fungua boksi la mapambo mbali na mtoto

Boksi la mwaka jana ndo kitu cha hatari cha kwanza na watu wanalifungua katikati ya sebule mtoto akiwa amekaa pembeni anachungulia. Lifungulie nje au kwenye chumba kilichofungwa.

Angalia kwanza kama kuna vidonge vya kuzuia nondo, vile vyeupe vya mviringo vyenye harufu kali. Vinafanana na peremende kabisa. Vingi vinatengenezwa kwa naftalini, na mtoto akimeza inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, hatari inakuwa kubwa zaidi kwa watoto wenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe hizo za damu, na wengi wenye hali hiyo wazazi wao hawajui kama wanayo. Hesabu vyote, vitoe, vifunge, vitoke nyumbani.

Cha pili ni vumbi. Mapambo ya zamani sana yanaweza kuwa na rangi yenye risasi, ile metali yenye sumu, na miti ya plastiki ya zamani ya PVC ikizeeka inaweza kudondosha vumbi lenye risasi pia. Kama pambo rangi yake inabanduka ukiligusa, au hujui umri wake kwa sababu ulirithi, usilitundike nyumba yenye mtoto. Najua mengine yana kumbukumbu, hayo yafunge kwenye mfuko uyaweke juu kabatini, yatasubiri mtoto akue. Yaliyobaki yafute kwa kitambaa chenye maji, usipepete kwa brashi kavu maana unarusha vumbi hewani.

Vilivyovunjika, hasa vioo, vitoe kabisa. Usijiambie utavigundisha baadae.

Ukimaliza unatakiwa uwe na mafungu matatu: safi na zima, la kuhifadhi juu, na la kutupa. Boksi lenyewe liwe tupu umelikung'uta nje.

Hatua ya 2: Chora mstari wa mkono

Hii ndo hatua inayobeba kazi yote, usiifanye kwa makisio.

Msimamishe mtoto karibu na ukuta, mpe kitu anachokipenda juu ya kichwa chake ili anyooshe mkono na asimame kwa vidole. Weka alama ncha ya vidole ilipofika. Sasa angalia ni kitu gani ndani ya nyumba anaweza kukisukuma mwenyewe akapanda: kigoda, kiti cha plastiki, boksi la vichezeo, mto wa sofa. Pima urefu wake, ongeza juu ya ile alama. Hapo ndo mstari wako. Zungusha vipande vya selotepu ya karatasi ukutani kwa urefu huo, chumba kizima.

Wengi wanashtuka wakiona selotepu iko wapi, maana mtoto wa sm 80 akinyoosha mkono akiwa juu ya kigoda cha sm 30 anafika mbali kuliko ulivyodhani. Na mtoto anakua, kama sikukuu zitachukua wiki kadhaa ongeza sentimita chache za akiba.

Kanuni kuanzia sasa ni moja. Juu ya mstari weka unachotaka. Chini ya mstari weka tu kitu ambacho hata akikitafuna, akikivuta, akikirusha, hakuna kitakachotokea. Hakuna kundi la katikati la "nitakuwa namwangalia".

Angalizo: sofa likiwa limesogezwa kupisha mti, mara nyingi linasogea karibu na dirisha au rafu. Hapo mstari haufanyi kazi tena kwa sababu mtoto amepata ngazi. Panga samani kwanza, alafu ndo uchore.

Hatua ya 3: Lala chini na tochi

Lala kifudifudi sakafuni, washa tochi, mulika chini ya sofa, nyuma ya pazia, chini ya meza. Utaona misumari midogo, pini za mwaka jana, kipande cha puto, sarafu, ndoano ya pambo. Mtoto anaona hivyo kila siku, wewe huvioni kwa sababu umesimama.

Kamba za mapazia na mapazia ya kukunja zifunge juu zisining'inie. Hii ni ya mwaka mzima lakini sikukuu ndo watu wanasogeza samani na kitanda cha mtoto kinajikuta karibu na dirisha.

Hatua ya 4: Pima kila pambo dogo

Chukua lile gamba la roli ya choo, lina upana wa kama sm 4. Chochote kinachopita ndani yake kinaweza kuziba koo la mtoto mdogo, kinaenda juu ya mstari au hakiingii nyumbani. Kwa kulinganisha, silinda rasmi wanayotumia kukagua vichezeo vya watoto wa chini ya miaka 3 ina upana wa mm 31.7, kwa hiyo gamba letu ni kali kidogo kuliko kipimo rasmi, na ndivyo inavyotakiwa.

Watu wanakosea wapi? Wanapima mpira mzima wa mapambo, wanaona haupiti, wanautundika chini. Chukua mpira huo uuangalie juu pale unapotundikiwa. Kuna kofia ndogo ya bati, ndani yake waya umekunjwa kama miguu miwili inayotanuka kushikilia shingo ya mpira. Vuta kwa nguvu kidogo, inatoka yote. Sasa mkononi una kofia yenye kingo kali, waya wenye ncha, na kama mpira ni wa plastiki nyembamba shingo yake inapasuka vipande. Kwa hiyo pima vipande vinavyoweza kutoka, pambo zima peke yake haitoshi. Vuta macho ya midoli, vifungo, kengele ndogo, shanga, nyota zilizogandishwa. Kama kimetoka kwa mkono wako kitatoka kwa meno yake.

Ndoano za waya zitoe zote, tumia uzi au utepe mfupi.

Vingine vya kuondoa bila mjadala:

Mapambo yenye sumaku ndogo zenye nguvu. Mtoto akimeza mbili, au moja na kipande cha chuma, zinavutana kutoka sehemu tofauti za utumbo na kuubana katikati mpaka unatoboka. Hii ni ya upasuaji.

Mapambo yanayofanana na chakula, matunda ya bandia, peremende za plastiki, keki ndogo za povu. Kwa mtoto wa miaka miwili hicho ni chakula tu.

Mapambo ya kutengeneza kwa unga na chumvi. Yanapendwa sana kwa sababu yanaonekana ya asili, lakini chumvi iliyomo ni nyingi mno kwa mwili mdogo, na mtoto anaweza kukaa kimya akatafuna kipande kizima. Yakae juu, na yasikauke mahali anapofika.

Gilita ya kumwaga, ule unga unaong'aa. Inaingia machoni na kukwaruza mboni, na haiishi sakafuni. Theluji ya bandia ya kupuliza nayo, mvuke wake unakera mapafu, na ikikauka inabanduka vipande vipande.

Kuhusu mimea: lile ua lenye majani mekundu, poinsetia, limepewa sifa mbaya kuliko inavyostahili, utomvu wake unakera ngozi na tumbo ila kwa kawaida hauui. Matunda mekundu ya holi na matunda ya mistleto, mimea ya kupambia Krismasi, ndo ya kuogopa zaidi, na majani na maua ya mwoleanda usiyaingize ndani hata kidogo, yana sumu inayogusa moyo.

Hatua ya 5: Betri. Hapa soma taratibu

Kama utasoma hatua moja tu iwe hii. Miaka hii mapambo mengi ya kuwaka na kuimba yanatumia betri za saa, zile bapa za mviringo: mishumaa ya betri, taa za kwenye chupa, remoti ndogo za taa, kadi zinazoimba, kofia zinazowaka. Mzazi anaondoa mshumaa wa moto kwa nia njema kabisa, anaweka wa betri, anaushusha hadi meza ya chini kwa sababu "huu ni salama". Ameshusha hatari nyingine mpaka mkononi mwa mtoto.

Kwa nini ni hatari hivyo? Betri ikikwama kwenye njia ya chakula, mate yanakamilisha njia ya umeme, mkondo unapita, na upande hasi unatengenezeka kemikali kali ya alkali inayounguza nyama. Madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa 2. Haijalishi kama haijavuja, na betri ambayo imeshaisha nguvu za kuwasha taa bado ina umeme wa kutosha kuunguza. Mbaya zaidi ni zile za lithiamu zenye upana wa mm 20, zimeandikwa CR2032 au CR2025 mgongoni, maana ukubwa wake unakwama vizuri kwenye koo la mtoto na zina volti 3.

Marekani walipitisha sheria mwaka 2022 ya kulazimisha vifaa vyenye betri hizi viwe na mfuniko ambao mtoto hawezi kuufungua, baada ya mtoto wa mwaka na nusu kufariki kwa kumeza betri ya remoti. Lakini vifaa vya mapambo vya bei rahisi vinazunguka dunia nzima na vingi havina ulinzi wowote.

Fanya hivi. Kusanya kila kitu kinachowaka, kinachoimba au kuendeshwa kwa remoti. Geuza chini. Unatafuta skrubu kwenye mfuniko wa betri. Kama mfuniko unafunguka kwa kucha au kwa kutelezesha, jaribu kukiangusha sakafuni kutoka urefu wa meza: mara nyingi mfuniko unaruka upande huu, betri inabingirika chini ya sofa upande ule na hausikii hata sauti. Kifaa cha namna hiyo toa betri yake kabisa ukiache kama pambo lisilowaka, au kitoke nyumbani. Usitegemee selotepu juu ya mfuniko, mtoto anabandua.

Chenye skrubu, kaza kwa bisibisi, hakikisha skrubu haizunguki bure. Alafu bado kiende juu ya mstari.

Kama unataka mishumaa ya betri, chukua inayotumia betri za AA au AAA. Hizo nazo si za kuchezea, ila hazikwami kooni kwa namna ile.

Andika kwenye simu una betri bapa ngapi ndani ya nyumba na ziko kwenye vitu gani. Siku ukikuta kifaa kimefunguka utajua mara moja kama kuna inayokosekana. Zilizoisha zifunge selotepu pande zote mbili, weka kwenye boksi lenye mfuniko mpaka utakapozipeleka zinakokusanywa.

Ukihisi amemeza, hata kama hujaona, hata kama anacheza vizuri: hospitali sasa hivi, waambie "betri" tangu mlangoni, apigwe eksirei. Dalili zinaweza kuwa kudondosha mate, kukohoa, kukataa kula, au zisiwepo kabisa. Usimtapishe. Usimpe chakula wala kinywaji, isipokuwa asali kama ameshatimiza mwaka 1, anameza vizuri, na haijapita saa 12 tangu ameze: vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika 10, isizidi mara 6, huku mko njiani. Usichelewe kuondoka kwa ajili ya kutafuta asali. Mtoto wa chini ya mwaka hapewi asali kabisa kwa sababu ya hatari ya botulizimu, sumu ya bakteria inayopoozesha. Na betri puani au sikioni ni dharura ileile.

Unajua umefaulu pale ambapo hakuna kifaa hata kimoja chini ya mstari chenye betri bapa, na orodha iko kwenye simu.

Hatua ya 6: Simamisha mti na vitu vizito

Mti ukae kwenye kona, mbali na njia ya kupita, na angalau mita 1 kutoka kwenye jiko, hita au chanzo chochote cha joto. Stendi pana, nzito.

Kisha funga. Ndoano mbili za skrubu ukutani, moja kila upande, kwenye mbao au zege na sio kwenye lipu tupu. Kamba ya nailoni ishike shina kwenye theluthi mbili ya urefu wake, iende kwenye ndoano zote mbili ili ifanye umbo la V. Kamba moja peke yake inazuia mti kuanguka mbele ila unaweza bado kuzunguka na kulala upande.

Jaribu kabla ya kuweka pambo hata moja: shika tawi lililo kwenye urefu wa mtoto, vuta chini na mbele kwa uzito wa mkono wako wote. Mti utatikisika, sawa, lakini stendi isinyanyuke sakafuni. Ikinyanyuka rudi ukaze.

Kama ni mti mbichi, kata shina sm 5 hivi chini kabla ya kuuweka kwenye maji ili unywe vizuri, ongeza maji kila siku maana mti mkavu unashika moto haraka mno. Chombo cha maji kifunikwe, mtoto asifikie.

Matawi ya chini yaachwe matupu, au yawekewe vitambaa, karatasi ngumu na midoli ya kushonwa isiyo na macho ya kubandikwa. Mti uliopambwa nusu ya juu tu unapendeza ukiupa mpangilio, usione aibu nao.

Na televisheni? Watu wanaihamisha ili kupisha mapambo, inaishia kwenye kimeza chepesi. Televisheni na kabati vikimwangukia mtoto vinaua. Vifungwe ukutani, au mapambo yatafute sehemu nyingine. Kitambaa cha meza chenye pindo linaloning'inia nacho kitoe, mtoto anayejifunza kusimama atakishika ajivute na vyote vya juu vinamfuata.

Hatua ya 7: Taa na waya

Chukua taa za LED, hazipati joto kama balbu za zamani, na zile zenye adapta ya volti ndogo ni bora zaidi. Zilizoandikwa za ndani zisitoke nje.

Kagua waya wote kwa vidole, urefu mzima, taa zikiwa hazijachomekwa. Mahali palipochubuka, soketi ya balbu iliyopasuka, waya uliowahi kuungwa kwa selotepu, usitumie. Kama taa ni za balbu za zamani usiunganishe zaidi ya nyuzi tatu mfululizo, na mwisho wa uzi kama kuna plagi ya kike iliyo wazi, izibe kwa kifuniko chake.

Ekstensheni usichomeke kwenye ekstensheni nyingine. Usiipitishe chini ya zulia, joto halitoki na huoni ikichubuka. Kama ni ya kuzungushwa kwenye roli, ifungue yote kabla ya kutumia, ikibaki imezungushwa inajipasha. Shika plagi baada ya saa moja, ikiwa ya moto zima, punguza vitu.

Waya upite juu, ushikwe kwa klipu. Msumari au stepla kupitia waya hapana. Panaposhuka kwenda kwenye soketi, pitisha nyuma ya samani nzito.

Kwa nini ninasisitiza waya usifikike: mtoto akiung'ata anaungua kona ya mdomo, na hata kidonda kikionekana kidogo ni lazima hospitali, kwa sababu mshipa wa damu wa mdomoni unaweza kupasuka siku kadhaa baadae na kutoka damu nyingi.

Taa zote zizimwe mnapolala na mnapotoka.

Hatua ya 8: Moto na mafuta

Msimamo wangu uko wazi, nyumba yenye mtoto anayetembea haihitaji mshumaa wa moto kama pambo. Kama ni lazima kwa sababu ya ibada au umeme kukatika, uwe juu ya mstari, kwenye kishikio kizito kisichopinduka, sm 30 kutoka kwenye chochote kinachoweza kuungua, na mtu mzima awe chumbani muda wote. Akitoka anazima. Kiberiti na laita zinarudi mfukoni au juu, zisibaki pale mezani.

Taa za mapambo za mafuta, hasa yale ya rangi, ziondoke kabisa. Yanafanana na juisi, na tone linaloingia kwenye mapafu wakati wa kumeza linaweza kuleta nimonia mbaya. Akimeza usimtapishe, akitapika ndo yanaingia mapafuni, mpeleke hospitali. Mafuta ya manukato ya kunukisha nyumba nayo weka juu.

Akiungua: maji ya bomba ya baridi, sio barafu, yapite juu ya jeraha kwa dakika 20. Dawa ya meno, mafuta ya kupikia na siagi usipake.

Hatua ya 9: Kamba, utepe, maputo na mifuko

Kamba yoyote inayoning'inia chini ya mstari isizidi sm 20, na isiwe na kitanzi kinachoweza kupita kichwani. Shada la kamba lililofungwa pande mbili likilegea katikati linakuwa kitanzi pia, kwa hiyo liwe juu na limeshikwa kila sehemu chache.

Maputo ya mpira yanaonekana hayana neno kabisa. Kipande cha puto lililopasuka kinanata kwenye koo na kuziba pumzi, kukitoa ni kazi ngumu sana. Marekani maputo haya lazima yawe na onyo kwa watoto wa chini ya miaka 8, wa miaka 8, sio 3. Yaweke darini au usiyaweke. Likipasuka, watu wote wasimame na vipande vikusanywe papo hapo. Mtoto asipulize wala asing'ate puto bovu.

Mifuko ya plastiki iliyokuja na mapambo ifunge mafundo kisha itupe siku hiyohiyo.

Hatua ya 10: Mpe mtoto sehemu yake

Usimwachie mtoto nyumba nzuri ya kuangalia tu. Tenga ukuta mmoja au kimti kidogo cha kitambaa chini ya mstari, mapambo ya kubandika na kubandua ya vitambaa vikubwa, maboksi matupu aliyopamba mwenyewe kwa rangi za watoto. Abomoe, apange tena, mara mia kwa siku. Mtoto mwenye cha kugusa anapunguza sana kufukuzia cha juu, na nyumba inakuwa ya kwake pia, sikukuu si ni yake?

Hatua ya 11: Ukaguzi wa kila siku na wageni

Kila asubuhi kabla mtoto hajaamka, pita na tochi dakika tano: vilivyodondoka, skrubu, waya, kamba ya mti. Kioo kikivunjika, vaa viatu, toa mtoto chumbani, okota vikubwa, alafu vipande vidogo vikandamize kwa karatasi yenye maji au selotepu.

Wageni wakija mikoba yao iende juu, ndani kuna dawa, sarafu na vingine. Zawadi zikaguliwe kabla ya kuwekwa chini, maana kichezeo cha mwenzake wa miaka saba kinaweza kuwa na betri au sumaku. Kwenye mkusanyiko, wakubwa wapokezane, mmoja anatajwa kwa jina kwamba nusu saa hii mtoto ni wake. Wakiwa watu kumi kila mmoja anadhani mwingine anaangalia.

Bandika nyuma ya mlango namba za dharura na haya ya kupaliwa. Akikohoa kwa nguvu mwache akohoe. Asipoweza kukohoa, kulia wala kupumua:

Chini ya mwaka 1: mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa chini, piga mara 5 katikati ya mabega kwa kiganja. Haijatoka, mgeuze, bonyeza kifua mara 5 kwa kitako cha kiganja kimoja chini kidogo ya mstari wa chuchu. Rudia.

Zaidi ya mwaka 1: mapigo 5 mgongoni akiwa ameinama, alafu misukumo 5 ya tumbo juu ya kitovu, kuelekea ndani na juu. Rudia.

Usichokonoe mdomoni kwa kidole kama hukioni kitu, unaweza kukisukuma ndani zaidi. Akipoteza fahamu anza kumkandamiza kifua na kumpulizia pumzi, huku mwingine akipiga simu.

Hatua ya 12: Kushusha

Kushusha kuna hatari zilezile za kupandisha, ila watu wamechoka na wanafanya mtoto akiwa miguuni. Mtu wa kukaa na mtoto arudi tena. Anza na vitu vya umeme, alafu vioo, alafu vya juu, mti wa mwisho, na kamba ya mti ikatwe baada ya mapambo yote kutoka.

Betri zote zitoe kabla ya kuhifadhi, uhesabu ukilinganisha na ile orodha ya kwenye simu. Ikipungua moja hulali mpaka ipatikane, na kama mtoto alikuwa karibu na haionekani, mpeleke akapigwe eksirei.

Ndani ya boksi usirudishe vidonge vya nondo. Futa, kausha vizuri, funga mfuniko, andika juu "betri zimetolewa" na mwaka, liweke mahali ambapo mtoto hatalifikia hata mwakani akiwa amerefuka.